Hofu Ndiyo Inayoshusha Ujira

Leo nina jambo ambalo vijiweni huzungumzwa kwa kelele nyingi: wageni wanaofanya kazi kwetu bila kibali. Tuwafukuze? Tuwaandikishe? Au tuendelee kufumba macho kama tulivyozoea? Nitasema mapema ninakoelekea, ili hata anayewahi basi asiondoke mikono mitupu. Kibarua asiye na kibali anamharibia Mtanzania ujira kwa sababu anaogopa. Akiandikishwa, akapewa kibali cha msimu, akaweza kudai chake bila kujificha, basi na kijana wa Urambo hapa Tabora anayegombania kibarua kilekile atalipwa vizuri zaidi. Hofu ndiyo inayoshusha ujira. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Tuanze na hali ilivyo. Kila anayelima tumbaku mkoani kwetu anajua kuwa zao hili linataka watu wengi. Miche huoteshwa kitaluni kabla ya mvua, ikahamishiwa shambani, ikapaliliwa, majani yakachumwa kidogo kidogo kadiri yanavyokomaa, yakakaushwa kwenye mabani kwa moto wa kukesha, kisha yakapangwa kwa madaraja na kufungwa marobota. Nguvu za familia moja hazitoshi. Kwa hiyo huja vijana kutoka Kigoma na Shinyanga, na pamoja nao huja wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, hasa Burundi, nchi ambayo ardhi yake ni finyu na watu wake ni wengi. Makubaliano aghalabu ni ya mdomo: utakula hapa, utalala hapa, fedha yako utaipata tumbaku ikishauzwa. Sasa nikuulize, msikilizaji: tumbaku ikiuzwa na mwajiri akaamua kumgeuka, kibarua huyu ataenda wapi? Kijana wa Kasulu anaweza kwenda kwa mtendaji wa kijiji, kwa ofisa kazi, hata mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Yule wa kutoka Burundi akifika kwa mtendaji, swali la kwanza ataulizwa kibali chake kiko wapi. Mwajiri analijua hilo, na kibarua analijua hilo. Basi ananyamaza, anachukua anachopewa, anaondoka usiku. Na msimu ujao, mwajiri wa namna hiyo akitaka mtu wa kazi, atamchagua nani? Atamchukua anayejua kudai, au atamchukua asiyeweza kudai? Hapo ndipo kijana wetu anapoumia. Anaambiwa, "Ukitaka kwa bei hii njoo, hutaki wapo wengine." Tunamlaumu Mrundi kwa kukubali bei ndogo, ilhali hiyo bei hakuipanga yeye. Aliyeipanga ni yule aliyejua kuwa mwenzake hana pa kulalamikia.

Mtaniuliza, kwani sheria haipo? Ipo. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka kila mgeni anayefanya kazi nchini awe na kibali kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na juu ya hicho awe na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Kamishna anatakiwa ajiridhishe kwamba mwajiri amemtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa, na mwajiri aonyeshe mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo. Kwa mhandisi wa mgodini sheria hii ina busara yake. Kwa mchuma tumbaku inaleta maswali. Mkulima wa ekari mbili atatoa wapi ada inayohesabiwa kwa mamia ya dola, kwa ajili ya mtu wa miezi michache? Na mpango wa kurithisha ujuzi wa kushika jembe utaandikwaje? Wengine watasema tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Itifaki ya Soko la Pamoja inafanya kazi tangu Julai 2010. Ni kweli. Burundi imo katika Jumuiya tangu 2007 na Kongo imejiunga 2022. Lakini kazi ambazo Tanzania ilikubali kuzifungua katika itifaki ile ni za wenye taaluma na ujuzi maalumu. Mwalimu na mhandisi wana mlango, mtu wa jembe hana. Na nyumba yenye kazi ndani lakini isiyo na mlango wa wafanyakazi, wafanyakazi wake wataingilia dirishani, kisha sisi tutawaita wezi.

Wasikilizaji, sisi wa Tabora hatupaswi kulishangaa jambo hili, kwa sababu mji wetu ulikuzwa na watu waliotoka kwao kwenda kutafuta ujira ugenini. Katika karne ya 19, Wanyamwezi kwa maelfu walikuwa wakishuka kila mwaka kutoka hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo wakiwa mapagazi, pembe za ndovu mabegani, na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Wengine walivuka hadi Unguja kupalilia mikarafuu. Pwani walikuwa wageni, na hakuna aliyewauliza makaratasi. Lakini kipo kinachotuhusu zaidi. Pagazi hakuwa mnyonge. Kabla ya kubeba mzigo alipatana ujira wake, akajua posho yake ya njiani, akawa na kirangozi wa kumwongoza na wenzake wa kumsemea. Mwenye msafara akibana posho, mizigo iliwekwa chini. Akizidisha ukali, aliamka asubuhi akakuta watu wametoroka na pembe zimelala porini. Wazungu waliopita njia ile waliandika kurasa nyingi za manung'uniko juu ya ukaidi wa mapagazi. Huo waliouita ukaidi ulikuwa uwezo wa mtu kukataa. Na kwenye njia ileile, chini ya jua lilelile, walipita watumwa waliofungwa minyororo shingoni, baadhi yao wakibeba mizigo ya aina ileile. Kazi ilikuwa moja, na kilichowatofautisha ni kwamba mmoja angeweza kusema hapana, mwenzake hakuweza. Kwa hiyo tunapozungumzia kibali cha kibarua tusidhani tunazungumzia karatasi na mihuri tu. Tunauliza kama mtu huyu aliye shambani kwetu anaweza kusema hapana. Kama hawezi, tumtafutie jina lake halisi.

Sasa twende kwenye ushahidi wa karibu zaidi, maana haya nisemayo si ndoto. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa Burundi, na maelfu ya Wahutu wakakimbilia kwetu. Serikali ikawapa makazi Ulyankulu, katika mkoa wetu huu, pamoja na Katumba na Mishamo, ambazo leo ziko Mkoa wa Katavi. Wakapewa mashamba, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakauza kupitia ushirika. Hata wanaopenda kwaya wanaifahamu Barabara ya 13 Ulyankulu, na jina lile limetoka katika barabara za makazi yale. Mwaka 2007, baada ya miaka 35, waliulizwa: mnarudi au mnabaki? Takriban wanne kati ya kila watano walichagua kubaki na kuomba uraia. Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba zaidi ya 162,000 wamekubaliwa. Lakini hati hazikutolewa. Ulikuwepo mpango wa kuwatawanya kwanza katika mikoa mingine, na hati zikangoja mpango huo. Miaka ikapita mtu akiwa ameukana uraia wa Burundi, na wa Tanzania hajaushika mkononi. Nini kilitokea katika muda ule? Wengi waliacha kujenga, maana nani atafyatua matofali mahali ambapo kesho anahamishwa? Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete akaanza kuwakabidhi hati zao, mpango wa kuwatawanya ukawekwa kando, na mwaka uliofuata Ulyankulu likawa jimbo la uchaguzi. Je, nchi ilianguka? Tabora ilimezwa? Watu walewale, udongo uleule, ila sasa wanajenga nyumba za kudumu na wanadai kwa sauti kama raia wengine. Najua kwamba wale walikuwa wakimbizi, na kibarua wa msimu ni mtu mwingine kisheria. Silinganishi haki zao. Ninachosema ni kwamba tumeshaona kwa macho yetu mtu anavyofanya anapoishi bila uhakika, na anavyofanya uhakika unapokuja.

Njia nyingine nayo tumeijaribu. Julai 2013, akiwa Kagera, Rais Kikwete aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Makumi ya maelfu waliondoka, wengine kwa hiari na wengine kwa kukamatwa. Tuseme haki: serikali ilikuwa na sababu, maana ujambazi wa silaha katika mikoa ile ulikuwa umewachosha wananchi, na silaha zilikamatwa. Lakini zilisikika pia habari za familia zilizogawanyika, baba upande huu na mama upande ule, na za watu waliozaliwa hapahapa wakashindwa kuthibitisha. Mha wa Kigoma na Mrundi wa ng'ambo lugha zao zinasikilizana, sura zao ni za ndugu. Askari katika doria atawatofautisha vipi kwa kuwatazama? Na vibarua je, walikwisha? Msimu wa kilimo ulipofika mashamba yalihitaji watu, na watu wakaja. Serikali yenyewe ililiona hilo, ndiyo maana baada ya operesheni, Uhamiaji ikisaidiwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji ilianza kuwaandikisha wahamiaji walowezi mkoani Kigoma. Huko ndiko kwenye njia. Kumwandikisha mtu hakumpi uraia. Kunamtoa gizani tu, ili serikali ijue ni nani, yuko wapi na anafanya nini.

Sasa nisikilize pingamizi, maana najua wapo waliokwisha kukunja uso. La kwanza, na ni zito: kazi hazitoshi hata kwa vijana wetu, vipi tuwape wageni vibali? Nami narudi kwenye neno langu la mwanzo. Mgeni yupo tayari, na kibali hakimleti. Kinachobadilika ni bei yake. Mwajiri akilazimika kumlipa mgeni kima kilekile cha chini anachomlipa Mtanzania, na juu yake alipie ada ya kibali, atakuwa na sababu gani ya kumruka kijana wa jirani? Leo sababu anayo: mgeni ni rahisi na hana kauli. Tukiondoa urahisi huo, Mtanzania ndiye anayetangulia, tena bila ya kupiga kelele. Kwa hiyo anayewapenda vijana wetu kweli angekuwa wa kwanza kutaka kibarua wa kigeni awe na mkataba.

Pingamizi la pili ni usalama. Watu wanauliza, tutajuaje kama si majambazi? Swali zuri, nami naligeuza: leo tunajuaje? Mtu aliyeandikishwa ana picha, ana alama za vidole, ana mwajiri anayejulikana na kitongoji kinachojulikana. Asiyeandikishwa hana chochote, na akiona uhalifu hathubutu hata kwenda polisi kutoa ushahidi. Jambazi ndiye anayenufaika na mahali ambapo wengi wanajificha, kwa sababu anapata umati wa kujichanganya nao.

Pingamizi la tatu linasema ukiwasamehe hawa, kesho watakuja mara mbili. Watu wa hoja hii hutaja Marekani, na mimi nawakubalia waitaje. Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyowapa hadhi ya kisheria watu wapatao milioni 2.7 waliokuwa wakiishi bila vibali. Miaka 20 hivi baadaye wasio na vibali walikuwa wamefika kama milioni 12. Basi msamaha ulishindwa? Tutazame vizuri. Waliohalalishwa, watafiti waliowafuatilia walikuta ujira wao umepanda, na hilo linathibitisha ninachosema leo. Kilichoshindwa ni sehemu nyingine mbili. Waajiri waliotakiwa kuadhibiwa hawakubanwa sawasawa, na njia ya halali kwa kibarua wa kesho ilibaki nyembamba mno kuliko mahitaji ya mashamba na viwanja vya ujenzi. Walisafisha waliokwisha kuingia dirishani, wakasahau kutengeneza mlango. Somo kwetu ni kufanya yote matatu kwa pamoja: kuandikisha waliopo kwa tarehe ya ukomo, kufungua kibali cha msimu kwa wajao, na kumbana mwajiri anayekwepa.

Pingamizi la nne ni la ardhi na la madaraka. Kwamba mgeni huanza na mzigo akaishia na kiti. Hapa Tabora hatuwezi kulicheka hilo, kwa sababu Msiri, mtoto wa Unyamwezi, alifika Katanga kwa biashara katika karne ya 19 na akaishia kuwa mtawala wa huko! Lakini sheria zetu za sasa zimeshaweka mipaka. Asiye raia hamiliki ardhi kwa kilimo cha kawaida, hapigi kura, hagombei. Julai 2025 ilitolewa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15 ndogondogo, mojawapo ikiwa kununua mazao shambani. Kibali cha msimu hakigusi lolote kati ya hayo. Kwa hakika kinayalinda, kwa kuwa kinaandika wazi: huyu amekuja kufanya kazi fulani, kwa muda fulani, na muda ukiisha anarudi kwao. Ni yule anayeishi kimyakimya miaka 20 bila kuandikwa popote ndiye anayepata kiwanja kwa jina la shemeji.

Basi kibali hicho kiweje? Kwanza, kitolewe wilayani, kwa ada ambayo mkulima mdogo anaweza kuilipa. Pili, kipitie AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Mkulima wa tumbaku tayari ameandikishwa katika chama chake cha msingi, ana makisio ya kilo na mkataba wa mnunuzi. Kuongeza karatasi moja ya majina ya vibarua wake na ujira waliokubaliana kuna ugumu gani? Tena fedha za tumbaku zikija, chama kinaweza kuhakikisha kibarua amelipwa. Tatu, na hili msiliache lipite: kibali kimfuate kibarua, kisimfunge kwa mwajiri mmoja. Dada zetu waliokwenda Oman na Saudia kufanya kazi za ndani wanaijua kafala, utaratibu uliomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Wanajua ilivyo mtu akikosana na bosi wake akageuka mhalifu siku hiyohiyo, hata pasipoti yake haishiki. Tunaposikia habari zao tunaumia, tunauliza serikali inafanya nini. Kipimo tunachowapimia wengine tujipimie nasi. Kibarua akiweza kumwacha mwajiri mbaya akaenda kwa mwema bila kupoteza uhalali wake, hapo ndipo hofu inapokatika.

Na wale walioishi nasi kwa miongo, waliozaa na kuzika hapa? Hao si watu wa msimu, na kuwapa kibali cha miezi sita ni dhihaka. Tujifunze kwa majirani. Wamakonde kutoka Msumbiji waliingia Kenya kuanzia miaka ya 1930, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa huko Kwale. Watoto wao na wajukuu wao walizaliwa Kenya bila utambulisho, hawawezi kufungua akaunti benki wala kuajiriwa rasmi. Oktoba 2016 ndipo walipoandamana kwa miguu kuelekea Nairobi, kisha wakaanza kupewa vitambulisho. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa pwani ya Kenya. Kenya haikupoteza kitu kwa kuwatambua. Ilipoteza kwa kuchelewa, kwa vizazi vya watu waliovua na kulima bila kuweka akiba benki, bila kukopa, bila kukuza mali. Walowezi wetu nao wachunguzwe mmoja mmoja, wenye makosa ya jinai watolewe kwenye orodha, waliobaki waonyeshwe njia ya kuelekea uraia yenye masharti na mwisho unaojulikana.

Wengine watasema, hii ni kumzawadia aliyevunja sheria. Alipie basi faini, na aliyemwajiri kwa siri alipie kubwa zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyechuma faida. Hadi leo kwenye karandinga tunamwona kibarua. Aliyemwita aje amebaki shambani kwake, na malipo ya kibarua yamebaki mfukoni mwake.

Wasikilizaji wapenzi, muda wetu unakaribia kwisha, nami nikusanye niliyoyasema. Kazi ipo na watu watakuja, hilo halibishaniwi. Sheria yetu imemfikiria mtaalamu, mtu wa jembe haikumfikiria. Kufukuza kwa mkupuo tumekujaribu, na kuandikisha tumekuanza, basi tukumalize. Msimu huu, mkutano mkuu wa AMCOS yako ukifika, usikae kimya. Simama uliza: vibarua wa wanachama wetu wanaandikwa wapi, na nani anahakikisha wamelipwa? Ukiwa na mbunge wako au diwani wako, muulize kibali cha msimu kitajadiliwa lini. Uliza hata kama hujawahi kumpenda mgeni maishani mwako, kwa sababu ujira wa mwanao umefungwa kwenye ujira wa yule asiyeweza kudai.